Bobini Zenye Tumbo

Mimi ni fundi cherehani wa Musoma mjini. Nashona kwenye baraza la duka la vitenge, upande wa soko unaoshuka kuelekea ziwani, na wateja wangu watakuambia kwamba mkono wangu ni msafi na nguo yangu haivuti wala haipindi. Sikatai sifa hizo. Lakini kuna jambo nililofanya Butiama ambalo hakuna mteja wangu anayelijua. Kila ninapobadilisha bobini linanirudia, na kwa kazi yangu hiyo ni mara nyingi kwa siku. Nimeona niliandike lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Miaka michache iliyopita kikundi cha akina mama wa kanisa moja kule Butiama kilipata cherehani sita. Zilikuwa zile nyeusi za miguu, zimeshatumika mahali pengine, zimepakwa rangi upya na kutiwa mafuta. Mratibu wa kikundi, mama mchangamfu aliyesoma na dada yangu, alinipigia simu. Walitaka mtu wa kuwafundisha kwa miezi miwili, na mwisho wa miezi hiyo wawe wameshona magauni ya kwaya ya watoto, yatakayovaliwa Jumapili ya kuwekwa wakfu jengo lao jipya.

"Tunakutaka wewe," alisema. "Wewe una cherehani ya umeme. Akina mama wakisikia hivyo watajua wamepata mwalimu kweli."

Maneno hayo yaliniingia kuliko ilivyopasa. Sikusoma mbali, darasa la saba, kisha miaka mitatu ya kukaa miguuni pa shangazi yangu nikivuta nyuzi. Kuitwa mwalimu kungenipendeza popote pale, na Butiama neno hilo lina uzito wa peke yake. Nilimwachia mwenzangu nafasi yangu barazani nikaanza kujiandaa.

Kila cherehani ilikuja na bobini moja tu. Kwa asiyeshona, bobini ni kile kidude cha chuma chenye visahani viwili vilivyounganishwa katikati, kinachozungushiwa uzi wa chini. Hukaa ndani ya kinyumba chake, chini ya pale sindano inapotoboa. Uzi wa juu unashuka na sindano, uzi wa chini unatoka kwenye bobini, na nyuzi hizo zinapokutana katikati ya kitambaa na kushikana, huo ndio mshono. Bobini ikigoma kuzunguka sawasawa, kitambaa kwa juu kinaweza kupendeza macho kabisa na mshono usiwepo.

Bobini moja kwa cherehani moja haitoshi darasa. Mratibu akaniomba ninunue nyingine Musoma kabla sijaenda. Nikapita dukani.

"Za cherehani gani, dada?" muuzaji akaniuliza.

"Bobini ni bobini, kaka. Nipe zile ninazochukuaga siku zote."

Zile nilizokuwa nikichukua siku zote ni za cherehani yangu ya umeme. Sikuomba kufungua pakiti. Sikubeba bobini ya mfano, ingawa mratibu aliniuliza kwenye simu kama anitumie moja kwa bodaboda, nikamcheka.

Darasa lilikuwa na akina mama kumi na wawili. Wengi walikuwa wa umri wangu, wenye mashamba ya mihogo na mtama, waliozoea jembe kuliko sindano. Mmoja alikuwa amewazidi wote umri, amevuka sitini, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa kipande cha lastiki kisogoni. Akiwa msichana alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Musoma, upande wa mashine za kuzungushia uzi. Kisha aliolewa, akarudi kijijini kulima, na hakugusa mashine tena. Alijitambulisha siku ya kwanza kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi kwa kujua kitu.

Nilipogawa bobini mpya, wenzake walizipokea na kusubiri. Yeye aliichukua ya kwake akaipitisha kucha ubavuni, polepole, akaigeuza, akapitisha tena. Akaitoa ile ya zamani kwenye kinyumba chake, akaifanyia vilevile.

"Mwalimu," akasema, "hizi siyo za hapa."

"Siyo za hapa kivipi, mama?"

"Hizi zina tumbo. Hii iliyokuja na cherehani haina tumbo."

Nilizitazama toka pale niliposimama. Zote zilikuwa za chuma, zote zilikuwa na matundu ubavuni, zote zilikuwa za ukubwa mmoja. Ningeweza kuchukua hatua tatu nikazishika. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi labda hiyo yako ina mimba, mama."

Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja alijifuta machozi kwa kanga. Yule mama alitabasamu kidogo kwa adabu, akainamisha kichwa, akairudisha ile bobini ya zamani kwenye kinyumba na kuanza kukanyaga. Mshono wake ulitoka umenyooka, vipunje vya uzi vimelingana, juu na chini. Ulikuwa mshono bora kuliko yote iliyoshonwa chumbani mle siku ile, na niliuona.

Kesho yake nilizikusanya bobini zote sita za zamani nikazitia kwenye mkoba wangu. "Darasa lina utaratibu," nikawaambia. "Wote mtatumia mpya. Nikimwachia mmoja cha kwake, kila mtu atataka cha kwake." Nilikuwa namwangalia yeye nilipokuwa nikisema.

Kuanzia siku ile cherehani zilianza kusumbua. Uzi wa chini ulikaza, ukalegea, ukakaza tena. Mara ulijikunja chini ya kitambaa kama kiota, mara cherehani iliruka vipunje, mara ilisimama kabisa hadi uligeuze gurudumu kwa mkono. Mimi nililaumu miguu. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote kwa wanafunzi, na mara nyingi ni kweli. Nikawafundisha kukanyaga kisigino na vidole, nikawapigia makofi ya kuhesabu. Yule mama alikuwa na njia yake: alishona upana wa kiganja, akasimama, akauvuta uzi wa chini kwa kidole ulegee, akaendelea. Alikuwa wa mwisho kila siku. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba anakanyaga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Nao wakalidaka neno hilo, wakawa wanamtania hivyo hivyo hata wakiwa njiani kwenda nyumbani. Sikuwakataza.

Hata hivyo magauni yalisonga. Yalikuwa kama majoho, ya wasichana na wavulana, rangi ya maziwa, yenye mikono mipana na kola ya bluu. Wiki ya mwisho ilipofika tulikuwa tumemaliza magauni ishirini na nane, yamepigwa pasi na kukunjwa mezani, na mratibu alikuwa akileta wageni kuyatazama.

Alhamisi ya wiki ile cherehani moja iligoma kabisa. Nilikifungua kichwa chake kutoka kwenye meza, nikakifunga kwa kanga, nikapanda gari kwenda Bunda. Ningeweza kwenda Musoma, lakini Musoma mafundi wote wananijua, na sikutaka mtu aone mwalimu amebeba cherehani iliyomshinda.

Bunda nilielekezwa kwa mzee mmoja anayetengeneza cherehani kwenye kibaraza cha nyumba yake. Alitoa kile kinyumba cha bobini, akakitikisa sikioni, akatoa bobini na kuiangalia. Akavuta kipande cha kioo cha dirisha alichokuwa akikilaza juu ya meza yake ya kazi, akaiweka bobini yangu juu yake kwa ubavu. Akatafuta nyingine kwenye kopo lake, akaiweka kando yake. Kisha akaigusa kila moja pembeni kwa ncha ya bisibisi.

Ya kwake ilitulia. Ya kwangu ilicheza, ikayumba huku na huku, ikachukua muda kusimama.

"Umeona?" akasema. "Hii imelala. Hii ina tumbo kidogo."

Alitumia neno lile lile.

Akaendelea kunieleza kwa upole, akidhani ni mambo mapya kwangu, na kweli yalikuwa mapya. Akasema zile zenye tumbo zimetengenezwa kwa cherehani za umeme za kisasa, ambazo bobini hulala chini ya kifuniko, na lile tumbo linaisaidia kuzunguka bila kujibana. Za cherehani ya miguu zinasimama wima ndani ya kinyumba cha chuma, na ukuta wa kinyumba hicho ni bapa, kwa hiyo bobini nayo lazima iwe bapa. Ukiingiza yenye tumbo itaingia vizuri tu, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Itazunguka ikijisugua. Ikijisugua uzi unakaza, ikijiachia uzi unalegea. "Aliyebuni kitu hiki alipima mpaka unene wa unywele," akasema. "Sisi tunakiona kidogo tunakidharau."

Kisha akaniomba nimwonyeshe kitambaa kilichoshonwa na cherehani ile. Nilikuwa na kipande cha majaribio kwenye mkoba. Akakigeuza, akaniwekea kidole kwenye uzi wa chini. Ulikuwa umelala umenyooka chini ya kitambaa, haukupanda hata kidogo kuushika wa juu. Akauvuta mshono kwa mikono miwili. Ukaachia.

"Hizi bobini alinunua nani?" akauliza.

"Waliletewa tu," nikasema. "Mimi nimezikuta."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili. Nilimwambia mtu nisiyemjua, ambaye hakuwa na sababu ya kunihukumu. Nilinunua kwake bobini bapa za kutosha, nikamwachia kile kichwa akimalizie kukitengeneza, nikarudi Butiama jioni ile.

Ijumaa niliwahi kabla ya wote. Nikamwaga zile zenye tumbo kwenye mkoba wangu, nikazipanga mpya kwenye kopo lile lile la maziwa ya unga tulilokuwa tukizihifadhia. Kisha nikasimama mbele ya meza yenye magauni. Nikachukua la juu kabisa, nikaugeuza mkono wake ndani nje, nikaushika mshono wa kwapa kwa vidole na kuuvuta kidogo. Nikasikia uzi ukikatika. Nikalikunja vizuri, nikalirudisha.

Niseme wazi jambo ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu. Magauni yangeweza kurekebishwa. Kwa cherehani tano zinazofanya kazi na bobini sahihi, akina mama kumi na wawili wangerudia makwapa na mbavu za magauni yote kwa siku mbili tulizobakiwa nazo. Kilichohitajika ni mimi kusema sentensi moja: nilinunua bobini zisizofaa, na mama yule aliniambia. Walipofika nikawaambia leo tunajifunza kushona vifungo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto waliingia wakiwa wawili wawili, na watu wakapiga vigelegele kwa magauni. Mratibu alinishika mkono akaubinya. Wimbo wa kwanza walisimama wima, hakukuwa na tatizo. Wimbo wa pili ulikuwa na ishara: kila kiitikio wanainua mikono yote miwili juu.

Walipoinua mara ya kwanza nilisikia, au nilidhani nimesikia. Mara ya pili tundu lilionekana kwenye kwapa la msichana wa mstari wa mbele, na fulana yake nyekundu ya ndani ikachungulia. Kisha kwa jirani yake. Kisha mvulana mmoja gauni lilimwachia toka kwapani hadi kiunoni, naye akaendelea kuimba akilishikilia. Watu wakaanza kucheka, kwanza vijana wa nyuma, kisha hata wazee. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo, mwenye sauti nzuri, aliyekuwa ameambiwa aongoze ubeti wa mwisho. Aliimba ubeti wote ameubana mkono wa kushoto ubavuni, akiinua wa kulia peke yake, macho yakiwa chini. Mama yake alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Alikuwa amekaa mbele yangu, na niliona shingo yake ikiinama.

Jumatatu mratibu aliitisha kikao. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akauliza tu, "Jamani, tumekosea wapi?"

Mmoja, bila ubaya mkubwa, akasema, "Si tunajua nani alikuwaga anashindwa kukanyaga."

Macho ya wengine yaligeuka. Yule mama hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Miwani yake ilikuwa imeteleza kidogo puani na hakuirekebisha. Alikuwa anangoja, na nilijua anangoja nini.

"Tusitafute mchawi," nikasema. "Tumejifunza. Tutarudia pamoja."

Mratibu akanishukuru kwa busara yangu. Wengine wakaitika kwa vichwa, wakaniona mtu mwenye moyo, anayemfunika mwanafunzi wake dhaifu asiaibike. Yule mama akakunja kanga yake, akasema anawahi muhogo wake usije ukanyeshewa, akatoka. Hakurudi darasani tena, na kutorudi kwake kukahesabiwa kuwa ndiko kukiri. Magauni tulirudia kuyashona yote, safari hii yakashika. Siku ya kuagana nilipewa kitenge na makofi mengi.

Nilikaa Musoma mwaka mzima na zaidi. Nilijiambia kwamba ameshasahau, kwamba ni jambo dogo la nyuzi, kwamba nikirudi kulifukua nitawaumiza watu bure. Lakini sikushona kile kitenge. Siku moja mteja aliniletea mwanawe kupimwa gauni la kipaimara, nami nikamwambia mtoto ainue mikono. Alipoinua nilishindwa kusoma namba kwenye futi. Jumamosi iliyofuata nikaenda Butiama.

Nilimkuta yule mama nyuma ya nyumba yake, anageuza muhogo uliokuwa umeanikwa juu ya mwamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Umepotea."

Alinitolea kigoda, yeye akakaa kwenye mwamba. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani na yote yalinitoka kichwani. Nikasema tu kwamba zile bobini nilinunua mimi, kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba nilishajua kabla ya ile Jumapili.

"Najua," akasema.

Nikadhani hakunielewa. "Nilijua toka Alhamisi, mama. Nilibadilisha bobini Ijumaa asubuhi, sikusema."

"Najua, mwanangu. Ijumaa nilitia mkono kwenye kopo, nikapitisha kucha. Hazina tumbo. Nikasema moyoni, ah, mwalimu ameona. Sasa atasema." Aligeuza kipande cha muhogo, kisha kingine. "Nikangoja Ijumaa yote. Jumamosi nikangoja. Jumapili watoto walipoachiwa na nguo nikasema, basi sasa atasema. Jumatatu nikaja kikaoni nimevaa vizuri kabisa."

Nililia, na hata kulia kule kulinitia aibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kuniletea maji.

"Mimi hujanidanganya," akasema nilipotulia. "Mimi nilijuaga. Uliowadanganya ni wale. Nenda kawaambie wale."

Nilikwenda siku ile ile, kabla moyo haujarudi nyuma. Nilimkuta mratibu na akina mama wanne tu, wanashona mashuka. Niliwaambia nikiwa nimesimama mlangoni, yote, pamoja na lile neno la mimba. Mratibu aliweka mkasi chini. Wawili waliangalia sakafu. Yule aliyesema maneno kikaoni akaniuliza, "Kwa hiyo sisi tulimcheka bure?" Nikamwambia ndiyo, na niliyewaanzishia ni mimi. Hakuna aliyenifokea. Mratibu akasema nimefanya vizuri kuja, lakini hakunikaribisha chai, na tangu siku ile hajawahi kunipigia simu.

Nilisikia baadaye kwamba walikwenda watatu kumwomba yule mama radhi, wakamwomba arudi. Radhi aliipokea. Kurudi alikataa, alisema macho yamechoka na shamba ni kubwa. Labda ni kweli. Nimejaribu kuamini kwamba ni macho.

Mwaka huu nimekutana naye Musoma, nje ya kliniki ya macho, amekaa kwenye benchi na binti yake ambaye sikuwahi kumwona. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe. Nilisimama mbali kidogo, nikawaza kupita kimya, kwa kuwa hakuwa ameniona. Nilikuwa nimeshageuka nusu. Kisha nikamsogelea, nikapiga goti, nikamsalimia.

Alinishika uso kwa viganja viwili kunitambua, akacheka.

"Huyu," akamwambia binti yake, "ndiye mwalimu wangu wa cherehani."

Binti akanipa mkono kwa heshima, akanishukuru kwa yote niliyomfundisha mama yake. Niliupokea mkono ule. Nikafungua mdomo kumsahihisha, lakini muuguzi akaliita jina la mama, wakainuka wakaingia ndani.